Sura ya Sita: Kisichoitwa Chakula

Nyasi zilikuwa kavu, zimefungwa kwa waya kwenye komeo la mlango wa Kukhu Nasipwondi, nazo zilinuka mafuta taa. Hakuna aliyeziwasha. Aliyezifunga alitaka zionekane tu, zifanye kazi ya kwanza, kutisha, kabla ya kazi ya pili.

Sajini Khaemba alichuchumaa akautazama waya. Ulikazwa kwa koleo, mizunguko mitatu, na ncha zikakunjwa ndani zisimchome mtu. Mfungaji alikuwa fundi nadhifu. Khaemba aliliandika hilo katika daftari lake, polepole, kama alivyoandika kila kitu. Kisha akazifungua nyasi na kumpa Konstebo Wekulo azitie kwenye gunia.

"Nizihifadhi wapi, afande?"

"Mbali na kiberiti."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Ijumaa. Kukhu, mkunga wa hapo, alikuwa amepewa hadi jua lizame awe ameondoka Kambi Muru, Kibera. Wakimkuta hajatoka, wanaume wa kijiji walisema, nyumba itawaka na aliye ndani ajue mwenyewe. Mkuu wa kituo alikuwa na askari mmoja tu wa kumwazima Khaemba, na huyo ndiye Wekulo.

Ndani, mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Kukhu maana yake ni nyanya kwa lugha ya kwao Bungoma, na kijiji kizima kilimwita hivyo, Waluhya na wasio Waluhya, kwa kuwa nusu ya watoto wa hapo walitua duniani mikononi mwake. Sasa mikono hiyohiyo ndiyo ilikuwa kesi. Watoto tisa wa safu mbili za nyumba, wa kati ya miaka mitatu na saba, walikuwa na ugonjwa usio na jina. Walichelewa kutembea, wakachelewa kusema. Waliofika shule walifundishwa herufi asubuhi, na ikifika saa sita zimetoweka kama hazikuwahi kufundishwa. Walipiga bila kukosewa. Waliuma. Wengine waligonga vichwa ukutani bila kulia, na huko kutolia ndiko kulikowatia wazazi hofu kuliko yote. Mwalimu wa darasa la kwanza alipowarudisha watatu nyumbani katika wiki moja, mtu mmoja alisema kwa mdomo kile ambacho wengi walikuwa wakikisema kwa macho: wote tisa walizalishwa na yule bibi.

Khaemba alimshauri tena alale kituoni usiku huo. Kukhu alitikisa kichwa. Alisema akitoka kwa miguu yake atakuwa amekubali, na mtu wa umri wake hana muda wa kurudisha jina likishapotea.

"Basi nionyeshe tena vile vifungo," Khaemba alisema.

Kukhu alikuwa hajui kusoma, lakini alikuwa na kumbukumbu zake. Kila alipozalisha, alimdai baba wa mtoto kifungo kimoja cha shati lake alilovaa siku hiyo, ili kila akilivaa akumbuke kuwa naye alihusika. Vifungo alivitunga kwenye uzi, uzi mmoja kwa mwaka, na nyuzi zote akaziweka katika mkebe wa kakao. Hakutaja miaka kwa namba. Uzi huu ulikuwa wa mwaka Mboya alipouawa, ule wa mwaka wa mafuriko, mwingine wa mwaka alipofiwa na dada yake.

Khaemba alivipitia kimoja kimoja, akitaja majina ya watoto kutoka kwenye daftari, naye Kukhu akigusa kifungo cha kila mmoja. Kioko, mtoto wa Ndinda: kifungo cheupe cha mashimo mawili. Walifika wa nane bila kusitasita. Wa tisa, Nduta, binti wa Gachanja seremala, hakuwa na kifungo.

"Kimepotea?"

"Mwanangu, havipotei. Gachanja hakunipa kifungo kwa sababu sikumshika mtoto wake."

Gachanja ndiye aliyeandikisha malalamiko kituoni. Ndiye pia aliyekuwa akiwaongoza wenzake.

*

Karakana ya Gachanja ilikuwa kibanda cha mabati kando ya reli. Khaemba alimkuta akitengeneza kitanda cha ajabu, kifupi, chenye kingo ndefu kila upande kama zizi la ndama. Kingo zilikuwa zimevishwa magunia yaliyokunjwa mara mbili. Hakuhitaji kuambiwa ni cha nani. Koleo lilikuwa juu ya benchi.

Khaemba alilishika, akaliangalia, akalirudisha mahali pake. Kisha Khaemba akamwomba asimulie upya jinsi Nduta alivyozaliwa, na Gachanja akasimulia kama mtu anayesoma: mvua, usiku, bibi kuitwa, bibi kuja na begi lake.

"Alikudai nini?"

"Shilingi kumi na tano, na sukari."

"Na nini kingine?"

Gachanja alifikiri. Alisema hakumbuki kingine.

Hapo ndipo mkewe, Wamucii, alipotoka nyuma ya pazia. Hakumtazama mumewe. Aliweka juu ya benchi kadi ya kliniki iliyolainika kwa kukaa chini ya godoro, akarudi nyuma hatua moja, na kumwambia afande aisome, huku amejifunika mdomo kwa upindo wa leso.

Kadi ilisema kuwa Nduta alizaliwa hospitali kubwa ya mjini, saa nne asubuhi, kilo mbili na nusu.

Khaemba aliisoma mara mbili kwa sauti ya chini. Hakumkemea mtu. Akaisogeza mbele ya seremala.

"Ndio, nilidanganya," Gachanja alisema mwishowe. Aliweka mkono kwenye ukingo wa kile kitanda. "Wale wengine wote ni yeye, kwa hivyo wangu ni nani? Hebu niambie, afande. Ukiniondolea huyo bibi, mimi nishike nani?"

Khaemba alimwambia tu kwamba kuwaapia polisi uongo ni kosa, na kwamba angerudi kulizungumzia. Gachanja akasema jua bado litazama.

Akiwa njiani Khaemba alisimama chini ya paa la duka akaandika. Kama Nduta hakupita mikononi mwa mkunga na bado ana ugonjwa uleule, basi jambo lilitendeka kabla mkunga hajaitwa. Mkono wa kwanza kumgusa mtoto haukuwa na hatia, wa hospitali wala wa Kukhu. Alipigia mstari neno *kabla*.

Daktari Nzembi wa zahanati ya Ngong Road alikuwa amesema karibu hayohayo Jumatano, baada ya kuwapima wanne. Kwa maoni yake ubongo uliumizwa tumboni, na kitu fulani kilichopita katika damu ya mama. Alimwandikia Khaemba karatasi yenye sumu chache zinazoweza kufanya hivyo, na mbele ya kila moja dalili yake kwa mtu mzima. Zebaki ya sabuni za kujichubua: mikono kutetemeka. Dawa ya wadudu: jasho na mboni ndogo. Risasi, yale madini mazito ya kijivu: tumbo kusokota, mikono kulegea, na mstari wa buluu kwenye ufizi. Pombe ilikuwa ya mwisho.

Khaemba alikuwa amefuata zote. Maji ya safu zile mbili yalitoka kwenye bomba lilelile lililonywesha safu nyingine nne, ambako watoto walikuwa wazima. Sabuni za kujichubua hakuziona. Pombe ilikataliwa na mama saba kati ya tisa, na majirani zao, ambao kwa kawaida hawana huruma, waliunga mkono. Mwishowe aliwauliza wote tisa walikula nini walipokuwa na mimba. Alikuwa na orodha tisa katika daftari, zote zikifanana kama sare za shule: ugali, sukuma wiki, maharagwe, omena ikipatikana.

*

Ndinda alikuwa kwenye foleni ya maji, debe tupu miguuni, mimba ya miezi saba mbele yake. Kioko, mwanawe wa miaka saba, alikuwa amefungwa mkono kwenye wa mamaye kwa kitambaa, kwa kuwa asipofungwa hukimbilia relini. Mtoto alikuwa akipiga debe kwa kichwa, taratibu, kama saa ya ukutani. Hakuna aliyemtazama tena.

Khaemba alikuwa amekuja kumuuliza habari ya sabuni kwa mara nyingine. Kabla hajamfikia alimwona akifungua fundo kwenye pembe ya leso, akatoa kitu, akakitia mdomoni. Kikavunjika kwa mlio mkavu. Ndinda alipomwona askari alijifunika mdomo kwa kiganja, kama alivyojifunika kila alipozungumza naye. Khaemba siku zote aliichukulia kuwa haya.

"Unakula nini, Mama Kioko?"

"Hakuna kitu."

"Nimesikia ikilia."

Wanawake wa nyuma yake waliangua kicheko. Mmoja alimwambia Ndinda amwonjeshe afande, labda naye ana mimba. Ndinda alicheka ndani ya kiganja, kisha akafungua fundo. Palikuwa na vipande vitano vya udongo, vyekundu vya kuelekea kijivu, vilivyofinyangwa vinene kama vidole na kukaushwa.

Khaemba aliviinamia. Alikuwa na watoto wanne. Katika nyumba yake mwenyewe alikuwa ameona mavumbi kama hayo kwenye pembe ya leso ya mkewe, zamani, na hakuwahi kuuliza.

"Nilikuja kwako mara tatu nikauliza ulikula nini. Mbona hukusema hii?"

Ndinda alimshangaa kweli. "Uliuliza chakula, afande. Hii si chakula. Ni mchanga tu. Inatuliza tumbo."

"Na wale wenzako wanane?"

"Sasa mwanamume anaambiwa mambo ya mchanga aende nayo wapi?"

Aliendelea kueleza bila kulazimishwa, kwa kuwa hakuona siri. Kukhu huwapa majirani zake wa safu hizi mbili wenye kichefuchefu. Kipande kimoja asubuhi kabla ya chai, kingine ukisikia hamu. Kuna walioshindwa kuumeza, na kuna walioupenda. Huu wa siku hizi ulikuwa mzuri kuliko udongo mwingine wowote, kwa sababu una utamu wa mbali, unaokuja mwisho, ukishameza. Ukiuzoea, alisema, mwingine unaona kama unakula ukuta.

Khaemba aliliandika neno utamu katika daftari, kwani udongo mtupu hauna utamu. Alichukua kipande kimoja, akakifunga katika karatasi.

"Usile nyingine mpaka nirudi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Zifunge hapo kwenye leso. Jioni nitazihesabu."

Ndinda alilikaza fundo mbele yake. "Sawa, afande," alisema, mkono mdomoni.

Kukhu alipoulizwa hakuficha. Udongo wa zamani alikuwa akiletewa na dada yake kutoka Bungoma kwa basi, umechimbwa kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yao. Dada alipofariki, Kukhu alipata mwingine Kawangware, kwa mwanamke aitwaye Wangoi, anayeuza langoni kwa mzee Nderitu. Huenda huko kila Jumanne akitoka kuwaona watu wa kanisa lake. Khaemba akaomba uzi wa mwaka ule alipofiwa. Watoto wa nyuzi zilizotangulia walikuwa wazima, wote, hata wale wa mama mmoja na wagonjwa. Wagonjwa wote nane walianzia kwenye uzi uliofuata.

"Wamucii wa Gachanja ulimpa pia?"

"Alikuja mwenyewe, kwa siri. Mume wake hapendi mambo ya kienyeji." Kukhu alimkazia macho. "Mwanangu, mbona unauliza udongo?"

Khaemba alisema bado hajui. Na kwa kuwa alikuwa hajui, haukuwa uongo.

*

Alikwenda kwa miguu, akapita Dagoretti Corner, akafika Kawangware saa tisa. Wangoi alikuwa ameketi kando ya lango la mabati, vipande vya udongo vimepangwa mbele yake juu ya gunia, mafungu mafungu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba. Nyuma yake, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwa msichana wa miaka sita aliyefungwa mguu kwa kipande cha leso kwenye nguzo ya lango. Msichana alikuwa akichimba ardhi kwa kijiko na kuitupa hewani, akichimba na kuitupa, bila kusimama.

"Huyo ni wako?"

"Wangu, anaitwa Wakarima. Usimwogope, ameshiba, hatakuuma." Wangoi alisema amemfunga kwa sababu ya magari. Hasikii akiitwa, si kwamba ni kiziwi, basi tu hasikii.

Khaemba hakujitambulisha. Alimwambia ametumwa na Kukhu Nasipwondi, akasifu bidhaa, akasema huko Kibera wanasema ni tamu. Wangoi alitabasamu kwa fahari. Pale ufizi wake ulipokutana na meno, juu na chini, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu iliyokoza, kana kwamba mtu ameuchora kwa kalamu ya wino.

Hakuhitaji kuitoa karatasi ya daktari. Kilichomjia kwanza ni kiganja cha Ndinda, halafu leso ya Wamucii. Haikuwa haya. Walikuwa wakificha meno.

Alimuuliza anachimba wapi. Wangoi akampeleka mwenyewe, bila wasiwasi, kupitia langoni hadi nyuma ya nyumba za wapangaji. Nyuma palikuwa na uwanja usioota kitu. Ngazi za kushukia bondeni zilikuwa zimetengenezwa kwa maganda meusi ya betri za gari, yaliyojazwa mawe. Mengine yalipandwa vitunguu, na vitunguu vilikuwa vimenyauka. Chini kabisa, kwenye ukingo wa udongo, palikuwa na shimo lililochongwa kwa jembe, na katika udongo wake mlikuwa na vipande vya kijivu vinavyong'aa vikikwaruzwa. Khaemba alichukua kimoja. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake. Alikikwaruza kwenye daftari, kikaandika kama penseli.

Sauti ilimuuliza nyuma yake anatafuta nini katika ploti ya watu. Mzee Nderitu, mwenye ploti, alikuwa amesimama juu ya ngazi na fimbo yake, kofia kichwani, wa heshima zake. Khaemba alimwamkia, akaonyesha kitambulisho, akauliza habari za betri.

Nderitu hakubisha. Miaka ya nyuma alikuwa amewakodisha vijana uwanja huo. Walivunja betri kuukuu, wakamwaga maji yake, wakayeyusha risasi katika sufuria na kuiuza kwa viwanda. Walikaa miaka mitatu. Baadaye akawafukuza.

"Kwa nini, mzee?"

"Moshi."

"Moshi peke yake?"

Nderitu alisogeza fimbo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Alisema mbuzi wake wanne walikuwa wakila majani hapo. Walianza kuzunguka mahali pamoja, wakagonga vichwa kwenye ukuta, wakafa. Daktari wa mifugo alimwambia ni sumu ya ile risasi, imeingia ardhini na kwenye majani. Mbuzi wake wengine akawahamisha.

"Na watu uliwaambia?"

"Watu hawali majani."

Khaemba alimgeukia Wangoi, ambaye alikuwa amesimama kati yao. Akamuuliza Nderitu kama alijua mpangaji wake anauza nini langoni mwake miaka yote ile.

"Mchanga. Wa kukandika nyumba, na wa kutengeneza majiko." Mzee alimtazama mwanamke, kisha askari, kisha mwanamke tena. "Si ni wa kukandika?"

Wangoi alikuwa amesikia habari ya mbuzi. Alirudisha macho pole pole kuelekea lango, ambako kijiko kilikuwa kikilia juu ya mawe, na mkono wake ukapanda wenyewe mdomoni. Kisha akaanza kukimbia.

Khaemba alichukua udongo wa shimo katika mifuko mitatu, akaandika kina na mahali, akamwambia Nderitu asiguse kitu na asisafiri. Kwa simu ya ofisi ya chifu alimpata Daktari Nzembi. Akamweleza yote. Daktari alisema maabara ingethibitisha, lakini yeye asingengojea maabara. Mama hubeba sumu hiyo hata mifupani, na mtoto wa tumboni hana mlango wa kuizuia. Akauliza kama kuna mwenye mimba anayekula sasa hivi.

"Yuko mmoja. Nimemkataza."

"Amekusikia?"

Khaemba alikata simu akaanza kutembea, kisha akatembea haraka, na alipofika Ngong Road alikuwa akikimbia, mtu wa miaka arobaini na saba mwenye daftari mkononi.

*

Jua lilikuwa limegusa mabati alipoingia Kambi Muru. Watu walijaa mbele ya mlango wa Kukhu, wanaume mbele, wanawake nyuma, na hakukuwa na kelele. Kelele angeizoea. Wekulo alisimama kizingitini, gunia lake la nyasi miguuni, uso wake umepauka. Gachanja alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mfuko wa shati lake ulikuwa na umbo la kiberiti.

Khaemba aliomba dakika mbili, akaingia ndani, akamweleza mkunga kwa maneno machache. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua nyuzi za vifungo akaziweka mapajani, zile za baada ya kifo cha dada yake, akavipitisha vifungo chini ya kidole gumba.

"Waliotapika sana," alisema, "ndio niliwapa sana."

Khaemba alimwambia kwamba hakuwa amejua, na hakuna aliyejua. Kukhu akasema kutojua hakumrudishii mtu mtoto. Kisha akamwambia atoke akawaambie yote, asiwafiche hata mkono uliogawa.

Hilo ndilo Khaemba alilokuwa akiliogopa tangu Kawangware. Ukweli uliokuja kumwokoa ndio uliotaja jina lake. Watu wenye kiberiti hawangojei mwisho wa sentensi.

Alitoka, akasimama kizingitini. Alizungumza kwa sauti yake ndogo, hata walio nyuma wakalazimika kunyamaza ili wasikie. Alieleza betri, na uwanja, na mbuzi. Alieleza udongo unaochimbwa pale, unaoliwa na mama, unaopita katika damu mpaka kwa mtoto asiyezaliwa. Alisema Nduta alizaliwa hospitali na bado anaugua, kwa hiyo si mikono ya kuzalisha. Gachanja alitazama chini.

Mtu mmoja wa nyuma akauliza kilichongojewa. "Hiyo mchanga walipewa na nani?"

Khaemba alivuta pumzi. "Na Kukhu. Naye aliinunua, hakujua."

Mnong'ono ulipita kama moto wa majani makavu. Gachanja aliingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti, akakishika tu. Wekulo alipiga teke gunia likaingia ndani ya nyumba, kisha akagundua alichofanya na kulivuta tena nje.

Wamucii alipita katikati ya wanaume. Hakusukuma mtu, walimpisha kwa kushangaa. Alipiga magoti mahali nyasi zilipokuwa zimening'inia, akafungua pembe ya leso, akaweka vipande viwili vya udongo kizingitini. Halafu akamgeukia mumewe.

"Mimi nilikuja mwenyewe kuomba, hakuniita. Miaka sita yote umeuliza ni nani alinishika. Hujawahi kuuliza mimi nilikula nini."

Mwanamke mwingine alikuja, akafungua fundo, akaweka chake. Akaja wa tatu. Walikuja mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine wakiwa wakavu kama udongo wenyewe, mama wa Kiluhya, wa Kikamba, wa Kikuyu, na rundo likakua kizingitini mpaka wanaume wakawa wanatazama kitu ambacho wake zao walikuwa wamekibeba kiunoni miaka yote bila wao kukiona. Gachanja alikaa na kiberiti chake kwa muda. Mwishowe alimpa Wekulo, bila kumwangalia usoni, akaondoka kuelekea karakana. Hakusamehe mtu. Aliondoka tu, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kuondoka pia.

Jua lilikuwa limezama. Nyumba ilikuwa imesimama.

Khaemba hakulitazama rundo. Alikuwa akimtafuta Ndinda, akamwona mwisho wa wote, Kioko amefungwa kifundoni mwa mkono wake. Alikuja taratibu, mzito, akasimama mbele ya kizingiti. Fundo lilikuwa palepale alipolikaza asubuhi.

"Vilibaki vinne," Khaemba alisema. "Weka chini, Mama Kioko."

Alilifungua. Vidole vilichukua muda. Pembe ya leso ilipofunguka, lilianguka vumbi jekundu kidogo juu ya miguu yake, basi.

"Nilijua ukirudi utanikataza kabisa, afande," alisema. "Nikasema nimalize tu hizi."

Mara hii alisahau kujifunika mdomo. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, lakini ulitosha. Mstari ulikuwa pale, wa buluu, juu na chini, na mkono wake mmoja ulikuwa tumboni, ukipapasa mahali mtoto alipokuwa akipiga.